Mwanafunzi asiyeona anawezaje kusakinisha mfumo endeshi peke yake?

Mwalimu wa TEHAMA aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha katika shule ya sekondari yenye wanafunzi wasioona, ambao hutumia Windows kwa msaada wa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, bila taabu. Taabu huanza pale mashine inapohitaji kufutwa na kuwekewa mfumo upya, kwa kuwa NVDA haifanyi kazi ndani ya kisakinishi, na mwanafunzi anayejua kuandika programu hulazimika kukaa kunisubiri nije nimsomee skrini. Tumepewa kompyuta mpakato kuukuu kadhaa, nami ningependa wazisakinishe wao wenyewe. Je, ni mfumo upi unaoruhusu jambo hilo, na mtumiaji husikia nini katika kila hatua?

Msimamizi wa seva alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Mimi mwenyewe sioni, na mfumo ninaouamini kwa kazi hii ni Debian, mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux. Ukiwasha mashine kwa flashi yake, menyu ya kwanza ikishakuwa tayari hutoa mlio mfupi: mara moja kwenye mashine za BIOS (programu ya zamani ya kuwashia mashine), mara mbili kwenye za UEFI (ile ya kisasa). Hapo unabonyeza herufi s kisha Enter, na baada ya muda sauti inaanza kusoma maswali. Ikiwa mashine ina kadi za sauti zaidi ya moja, kila kadi hujitangaza kwa zamu, nawe unabonyeza Enter pale unapoisikia. Tangu hapo huhitaji kipanya wala kutafuta kitufe kilichojificha: majibu yamepewa namba, unaandika namba ya jibu lako na kubonyeza Enter, na ukitaka kurudi nyuma unaandika alama ya <. Mwenye mashine ya nukta nundu ya USB kwa kawaida hahitaji hata kubonyeza s, kwani hutambuliwa yenyewe. Usakinishaji ukiisha, msaada wa sauti uliotumika huwekwa pia kwenye mfumo mpya, kwa hiyo mashine haiwaki ikiwa bubu.

Sehemu ya kuwafundisha kwa utulivu ni ugawaji wa diski. Flashi ya usakinishaji nayo inaweza kusomwa miongoni mwa diski, na majina kama sda na sdb yanasikika karibu sawa yakisomwa haraka. Wasikilize ukubwa badala ya jina, na wasithibitishe kufuta kabla ya kurudia kusoma mstari huo. Kwa kibodi yenye namba pembeni, 8 husoma mstari uliopo, 7 uliotangulia na 9 unaofuata.

Fundi wa kompyuta alijibu:

Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila kwa Windows mambo si mabaya kama mwalimu anavyodhani. Kisakinishi cha Windows 10 na 11 kina Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, inayofunguliwa kwa Ctrl, Windows na Enter. Kasoro yake ni kwamba kisakinishi hicho hutegemea viendeshi (programu za kuendesha vifaa) vichache kilivyobeba, na kadi ya sauti isipotambuliwa, Narrator hufunguka na kubaki kimya, huku mtumiaji akidhani amekosea vitufe. Kwa shule yenye mashine nyingi zinazofanana, kwa nini msiandae faili la majibu, yaani lenye majibu ya maswali yote ya kisakinishi, mwanafunzi achomeke flashi tu na kila kitu kijiendeshe?

Msimamizi wa seva alijibu:

Faili la majibu linamfaa mwalimu mwenye haraka, fundi, lakini halimjibu aliyeuliza. Anayechomeka flashi na kungoja bado hajachagua diski wala mgawanyo wake, na siku mashine ikiwa na nyaraka za mtu, faili hilo litazifuta bila kumwuliza yeyote.

Kuhusu ukimya wa sauti, Debian 12 ya mwaka 2023 ilianza kujumuisha kwenye flashi rasmi programu-dhibiti (firmware, programu zinazopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) zisizo huria, ambazo kadi nyingi za sauti za karibuni haziwezi kuamka bila hizo. Pamoja na hayo, wekeni shuleni kadi ndogo ya sauti ya USB.

Mwalimu wa TEHAMA aliuliza:

Marahaba, na asanteni sana. Limebaki jambo moja: mwanafunzi ataifanyaje mashine iwake kwa flashi, ilhali ukurasa wa mipangilio ya BIOS hausemi?

Fundi wa kompyuta alijibu:

Kama Windows iliyopo bado inawaka, asiiguse BIOS kabisa. Afungue dirisha la amri akiwa na NVDA, aandike shutdown /r /o, na mashine ikiingia kwenye mazingira ya urekebishaji ajaribu Narrator kwa vitufe vilevile, kisha achague kutumia kifaa na kuteua flashi. Kama Windows imekufa, basi hapo ndipo anapohitaji macho ya mtu mwingine au simu inayosoma maandishi kwa kamera, maana watengenezaji wengi wa mashine hawajaweka sauti huko.

Msimamizi wa seva alijibu:

Niongeze tahadhari kuhusu usimbaji wa diski nzima, yaani kuifunga diski yote kwa nenosiri. Swali la nenosiri linalokuja mashine inapowaka hutokea kabla ya sauti kuanza, hivyo mwanafunzi asiuchague mpaka awe amezoea kuandika nenosiri lake gizani na kukadiria muda wa kuliandika.