Tupeane uzoefu: Uliishindaje hofu ya kipimo cha kamera ya tumbo?

Habari zenu wapendwa. Miezi saba nilitembea na karatasi ya kipimo kwenye pochi. Daktari aliandika OGD, kile kipimo cha kupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni. Nimeikunja na kuikunjua mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Jumatatu nasema wiki hii naenda, Ijumaa nasema mwezi ukiisha.

Tumbo la juu lilikuwa linawaka usiku wa manane, nikila vijiko vitatu vya wali nimeshiba. Nikawa natafuna magnesiamu kama karanga, nikanywa juisi ya kabichi, nikaambiwa unga wa ndizi mbichi, nikanywa na huo. Kila kitu nilikubali isipokuwa kwenda kupimwa. Sababu yangu ni mjomba. Alienda kupimwa, akaambiwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, na baada ya miezi minne tukamzika. Kichwani mwangu kipimo ndicho kilichomuua. Ilinichukua muda kukubali kwamba mjomba alienda wakati hata uji ulikuwa haupiti.

Siku yenyewe nilikuwa sijala tangu saa mbili usiku. Kwenye benchi nikamwambia nesi ukweli: dada, naogopa, nahisi nitakosa pumzi. Akaniambia njia ya hewa na njia ya chakula ni mbili, mpira unapita kwenye ya chakula, mimi nitapumua kwa pua muda wote. Nilikuwa nahitaji sentensi hiyo miezi saba iliyopita.

Akanipulizia dawa ya ganzi kooni, chungu sana. Muda mfupi baadaye nikameza mate nisihisi kitu, na hapo ndipo nilipotaka kukimbia, maana ukimeza bila kuhisi unadhani koo limeziba. Halijaziba, lina ganzi tu. Nikalala ubavu wa kushoto, nikang'ata kidude cha plastiki chenye tundu. Mate yakawa yanatiririka kwenye kitambaa chini ya shavu, nesi akasema yaache yatoke, usimeze. Kichefuchefu kilinipanda mara tatu, machozi yakanitoka, yeye mkono wake uko begani kwangu. Nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani. Nilifika hamsini na mbili, mpira ukatoka.

Walikuta kidonda kidogo mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Wakachukua vinyama vidogo (sikuhisi chochote), vikaonyesha bakteria wa H. pylori. Nikapewa dawa za siku 14. Leo nakula maharage.

Karibuni. Ulipimwa nini, uliogopa nini hasa, nani alikusaidia? Naomba tusitishane.

Mdau wa Mwanza

Asante kwa kufungua mada hii, wanaume hatuisemi. Mimi nina miaka 58 na nilipimwa kwa njia ya haja kubwa, kolonoskopi. Nilikuwa naona damu kwenye choo, nikajiambia ni bawasiri tu, mwaka ukapita. Maumivu sikuyaogopa. Niliogopa aibu. Daktari mwenyewe ni binti, umri wa mwanangu wa pili.

Niwaambie jinsi ilivyo. Kazi iko siku ya kabla. Unaacha chakula, unabaki na vitu unavyoweza kuona ng'ambo yake: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Juisi ya rozela hapana, ule wekundu unaweza kudhaniwa damu. Kisha unakunywa dawa ya kusafisha utumbo, lita kwa lita, na usiku huo choo ni chako peke yako. Nilipaka mafuta ya mgando kabla hata haijaanza, mke wangu ndiye aliyenishauri, Mungu ambariki. Kinachotoka mwisho kinakuwa kama maji ya manjano.

Chumbani nilivaa gauni lililo wazi nyuma lakini wakanifunika shuka muda wote, pakaachwa pale tu panapohitajika. Nikachomwa dawa ya usingizi mkononi. Yule binti aliniita "baba" na kunieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Nikaja kuzinduka nauliza wataanza saa ngapi. Walikuta kinyama kimeota ukutani mwa utumbo, polipu, wakakikata palepale. Akaniambia vinyama vya aina hiyo vikiachwa miaka vinaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo ile aibu ilikuwa inikaribishie jambo kubwa.

Mdau wa Tanga

Mimi nilifika mapokezi, nikalipia, nikarudi nyumbani. Nawasoma tu. Bado nina risiti.

Muuguzi, Dodoma

Dada wa Tanga, rudi. Hutakuwa wa kwanza kuondoka, na hakuna atakayekugombeza.

Niongeze machache, maana haya naulizwa kila siku. Hofu iseme mapema, kabla hujapanda kitandani. Uliza kama dawa ya usingizi ipo. Ukipewa, njoo na mtu wa kukurudisha, na siku hiyo usiendeshe gari wala bodaboda hata ukijiona mzima. Kama unatumia dawa za kisukari au za kuyeyusha damu, sema siku unayopewa tarehe. Usiziache kwa uamuzi wako.

Si kila mwenye kiungulia anapelekwa kwenye kamera. Wengi huanza na kipimo cha choo cha H. pylori, hakiumi popote. Ila omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, isitishwe wiki mbili kabla na antibayotiki wiki nne, vinginevyo bakteria wanaweza kujificha, ukaambiwa huna wakati unao. Muulize daktari namna ya kusitisha. Na kile cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha chanya hata baada ya kupona, nimeona watu wakirudia dawa bure.

Zamani tuliambiwa vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio walioonyesha mchango wa huyu bakteria miaka ya 1980, wakapewa Nobel mwaka 2005. Mwingine chanzo chake ni diklofenaki anazonunua kila akiumwa mgongo.

Ila choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu: hapo usisubiri mwezi uishe. (Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo taja unachotumia.)

Mdau wa Bomet, Kenya

Huku kwetu saratani ya umio imetuzoea, kila boma lina jina. Kwa hivyo mama alipoanza kusema chakula kinashuka polepole, alikataa kwenda. Alisema afadhali asijue. Sikubishana naye. Nilimwomba tu tupande matatu pamoja, akifika mlangoni akikataa, turudi. Aliingia na leso yake mkononi. Ilikuwa asidi inayopanda, umio umechubuka. Sasa chai anaiacha ipoe kwanza, na kwa mama yangu hilo si jambo dogo.

Mdau wa Mbagala

Saa kumi na nusu alfajiri. Kamera yangu ni leo saa tatu. Sijalala. Naruhusiwa kusukutua mdomo?

Muuguzi, Dodoma

Sukutua na uteme. Waambie kwamba hujalala.

Mdau wa Mbagala

Nimetoka. Koo linakwaruza kidogo, nimekunywa uji wa vuguvugu. Mimi vigae nilifika arobaini. Wamechukua vinyama, majibu wiki mbili. Sasa hizo wiki mbili ndizo naziogopa kuliko mpira. Nyie mlizipitaje?

Mwanzisha mada

Pole na hongera, mdogo wangu. Mimi niliona siwezi kuisubiri simu ile, nikawaachia namba ya dada yangu. Siku ya kumi na moja akanipigia niko sokoni, nimeshika fungu la mchicha. Alisema kwanza "si saratani", ndipo akanisalimia.