Naomba ushauri: mafunzo ya wiki mbili nje ya nchi kuhusu udhibiti wa mawasiliano, niende au niache?

Mkazi wa Sinza: Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mchumi katika ofisi ya ushauri hapa Dar es Salaam. Nimepata nafasi ya mafunzo ya watendaji katika Chuo Kikuu cha Florida, Gainesville, kuhusu udhibiti na mageuzi ya sera katika huduma kama simu, umeme na maji. Kila kitu kimelipiwa, lakini ni wiki ya pili sasa sipati usingizi. Je, mafunzo haya yana manufaa kwa mtu wa huku kwetu, au ni cheti cha kutundika ukutani?

Binti Tegeta: Hongera, kaka. Hata hivyo, usidhani elimu hii iko Florida peke yake. AFRALTI, taasisi ya Afrika ya mafunzo ya mawasiliano ya simu, ipo Nairobi, unaifikia kwa basi. Ile USTTI ya Washington, taasisi ya Marekani ya mafunzo ya mawasiliano iliyoanzishwa mwaka 1982, haitozi ada ya masomo kwa washiriki wa nchi zinazoendelea. Mimi nilihangaika miaka miwili kutafuta nauli, na hadi leo sijaenda.

Bi Sheria: Umeandika kwamba kila kitu kimelipiwa. Nani amelipa?

Mkazi wa Sinza: Ni kampuni moja ya simu. Ofisi yetu imepewa na mdhibiti wa nchi jirani kazi ya kukokotoa gharama za maingiliano, yaani kile ambacho mtandao mmoja unaulipa mwingine kila mteja wake anapopiga simu kwenda huko, na kampuni hiyo ni miongoni mwa zile ambazo vitabu vyake viko mezani kwangu. Naomba nieleweke: hawajaniomba chochote, nitatumia likizo yangu mwenyewe, na nakala ya pasipoti nimekwisha kuwatumia.

Mzee wa Upanga: Mwanangu, mimi nilikuwa Shirika la Posta na Simu kabla sheria ya 1993 haijaligawa. Muuzaji mmoja wa mitambo alinilipia mafunzo, nikarudi na begi lenye nembo yake. Miezi michache baadaye tulikaa kuchambua zabuni, naye akiwemo. Begi lile lilikuwa chini ya kiti changu, nami nikalisukuma kwa kisigino nyuma ya pazia, kisha sikufungua mdomo hadi kikao kikaisha. Sikupokea hata senti, lakini siku ile sikuifanya kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Fundi Minara: Nina shaka na uzi huu. Mchumi wa kazi nyeti kama hiyo hawezi kuja kuanika mambo yake hapa, na huenda tunapotezewa muda na mtunga hadithi. Kama ni kweli, tueleze viwango vya hapa kwetu vilikwendaje.

Mkazi wa Sinza: Mwaka 2018 kiwango cha maingiliano kilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, kisha 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na 2.00 mwaka 2022. Kiwango kikiwa juu, kupiga mtandao mwingine huwa ghali, na ndiyo maana watu walitembea na laini tatu mfukoni. Mtandao mdogo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu simu nyingi za wateja wake huishia kwa mkubwa. Kwa hiyo kila gharama inayoingizwa kwenye hesabu bila kustahili hatimaye hulipwa na mpigaji.

Fundi Minara: Nimekubali, kazi hii unaifahamu. Basi tueleze umeona nini katika vitabu vyao, maana safari peke yake haimnyimi mtu usingizi.

Mkazi wa Sinza: Kuna mnara uliounganishwa na umeme wa gridi, na bili zake za umeme ninazo, lakini umeandikiwa dizeli ya jenereta ya mwezi mzima, mwezi baada ya mwezi. Nilipaswa kuwauliza. Barua ya mwaliko ilifika kabla sijauliza, na tangu hapo sijauliza. Labda ni kosa la mwandishi wa hesabu tu, na mafunzo hayo ndiyo yangenifundisha kulichambua ipasavyo.

Bi Sheria: Ndugu yangu, kuuliza habari za dizeli hakuhitaji kwenda Florida. Mkurugenzi wako anajua?

Mkazi wa Sinza: Bado. Barua ya kumweleza nimeiandika tangu Jumapili, ila aya inayosema nani analipa nimeifuta mara mbili.

Bi Sheria: Irudishe, na iwe aya ya kwanza. Ya pili iwe ya dizeli.