Sumaku kichwani kwa mgonjwa wa OCD: ni tiba au bado ni majaribio?

Mleta mada
Wadau, tulijadili hili bila kurushiana maneno. Agosti 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine ya sumaku, TMS, isaidie kutibu OCD, ule ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia. Mwaka 2020 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ikasema kiusalama haina tatizo kubwa, ila ushahidi kwamba inasaidia hautoshi, kwa hiyo itumike ndani ya utafiti tu. Ugonjwa ni ule ule. Nani yuko sahihi?

Mimi nasimama na Waingereza. Jaribio lililobeba kibali cha Marekani lilikuwa na watu 99 tu. Baada ya wiki sita, kati ya waliopata sumaku halisi, 38 kwa kila 100 walipata nafuu ya kuhesabika. Waliokalishwa chini ya mashine ya geresha, 11 kwa kila 100. Tofauti ipo, siikatai. Lakini pindua hesabu: sita katika kila kumi walihudhuria mara 29 na hawakufika hapo. Na "nafuu" yenyewe ni kushuka kwa asilimia 30 kwenye Y-BOCS, kipimo cha ukali wa OCD ambacho mwisho wake ni alama 40. Mwenye 28 akishuka hadi 19 anahesabiwa amefaulu, wakati bado ni mgonjwa.

Mama Pacha
Mkuu, hesabu umeipiga vizuri ila umesahau waliohesabiwa ni akina nani. Hao ni watu ambao tiba za kawaida hazikuwafaa vya kutosha. Mimi nina OCD mwaka wa kumi na nne huu. Kufuli la mlango nalikagua mpaka vidole vinauma. Dawa za OCD unapewa kwa dozi kubwa kuliko za sonona, halafu unasubiri wiki nane hadi kumi na mbili ndipo ujue kama zimekukubali. Nimesubiri hivyo mara tatu. Kutoka 28 hadi 19 kwako ni namba. Kwangu ni kufika kazini.

Nukta Nundu
Mimi nina shaka nyingine. Kabla ya kila kipindi mgonjwa huchokozwa kwanza: wa uchafu anaguswa na jambo la uchafu, wa kufuli anaulizwa kama kweli alifunga. Hofu ikipanda ndipo sumaku inawashwa. Sasa hiyo si ile tiba ya siku zote ya kumkalisha mtu na hofu yake bila kumruhusu kuosha wala kukagua? Isije ikawa sumaku inavikwa taji la mwenzake.

Zamu ya Usiku
Swali zuri, ila wa geresha nao walichokozwa vilevile. Kwa hiyo uchokozi peke yake hauelezi pengo la 38 na 11.

Niongeze jambo, maana naona watu wanaogopa. Hizi si shoti za umeme za kumpotezea mtu fahamu. Koili inakaa juu ya kichwa, sumaku inapita kwenye fuvu bila kupasua chochote na kuamsha mkondo mdogo kwenye neva. Inalengwa sehemu ya mbele, katikati, inayohusika na kung'amua kosa, ile inayoendelea kupiga kelele "hujafunga" wakati umefunga. Mgonjwa yuko macho. Wengi wanaolalamika ni kwa kuumwa kichwa. Kifafa hutokea kwa nadra sana, ndiyo maana historia yake lazima iulizwe, na mwenye kipande cha chuma au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa kichwani asisogee kabla ya kuchunguzwa.

Ila wale wanaouziwa vile vikanda vya betri vya kujifunga kichwani nyumbani, hiyo ni tDCS, umeme hafifu, kitu kingine kabisa. Ushahidi wake kwa OCD ni mwembamba zaidi. Kibali cha TMS hakiwahusu.

Mleta mada
Sawa, kwa Nukta nimekubali jibu. Kwa Mama Pacha, sikusema tiba ifungiwe. Nasema aliyeambiwa leo kuwa ana OCD asipelekwe kwenye mashine kabla ya kukaa na mtaalamu wa kumfundisha kukabili hofu, na dawa zikapewa muda wake. Mashine inauzika kirahisi kuliko mtaalamu mvumilivu. Na nani anawafuatilia hao 38 mwaka mmoja baadaye?

Mama Pacha
Hapo kwenye foleni tunakubaliana, tena huyo mtaalamu nilimtafuta miaka mitano. Lakini NICE wanasema "ndani ya utafiti tu", na mimi utafiti wa kujiunga nao sijauona. Nisubiri wapi?