Unaielewaje dini ya mwenzio bila kuipindisha?

Wakuu, kila mjadala wa dini unaishia matusi, Mkristo anaambiwa anaabudu miungu watatu, Muislamu anaambiwa anaabudu jiwe jeusi la kwenye Kaaba kule Makka, sasa mtu unajifunzaje kwa haki?

— Muulize muumini mwenyewe, sio adui yake. Askofu Krister Stendahl wa Sweden alilisema hilo 1985, akaongeza usilinganishe mazuri yako na mabaya yao. Hapo ndo tunafeli wengi, mtu anachukua mtakatifu wa kwao anampambanisha na gaidi wa wenzake, jamani!

— Na hilo jiwe, Umar, swahaba wa Mtume Muhammad na khalifa wa pili, alilibusu huku akisema ni jiwe tu halidhuru wala halinufaishi, analibusu kwa vile alimuona Mtume akilibusu

— Sawa ila muumini naye anaweza kukupambia, uliza zaidi ya mmoja, Msuni na Mshia hawatakujibu sawa kila kitu