Tutajuaje kama mpango wa hifadhi unaokoa miti?

Swali (Masindi): Ndugu zangu, kikundi chetu cha wakulima huhesabu miche iliyopandwa na semina zilizofanyika, kisha huandika kwamba mpango umefaulu. Je, hesabu hiyo inathibitisha lolote kuhusu mazingira yenyewe?

Jibu (Hoima): Haithibitishi. Huku kwetu Hoima na Kibaale, magharibi mwa Uganda, kati ya 2011 na 2013, vijiji 121 viligawanywa kwa kura, na katika vijiji 60 wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kila mwaka iwapo hawatakata miti. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba miti ilipungua kwa asilimia 4.2 katika vijiji hivyo, na kwa asilimia 9.1 katika vile vingine. Bila vijiji vya kulinganisha, mtu angeona upungufu tu na kudai kwamba fedha zilipotea bure.

Jibu (Mbale): Nakubali, ingawa setilaiti haioni kila kitu. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon ningepima pia tope linaloingia mitoni baada ya mvua, na ningechunguza kama aliyeacha kukata kwake hakuhamishia panga lake kwa jirani.

Muulizaji: Basi tutapima pia mashamba ya wasio wanachama, kabla ya kugawa miche.