Betri imekufa, nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani: naanza na waya upi?

Mwenda_Pole

Wakuu habari zenu. Gari langu limenigomea. Nililipaki likiwa zima kabisa, asubuhi nazungusha ufunguo nasikia tik-tik-tik tu kule mbele, na taa za dashibodi zinafifia mpaka zinakaribia kuzimika. Jirani akanibustia, likawaka papo hapo. Nimezunguka nalo kidogo, nimerudi, nimezima. Baada ya saa chache, yale yale.

Betri yenyewe niliikuta ndani ya gari nilipolinunua, kwa hiyo umri wake siujui. Nataka kubadilisha mwenyewe, maana sioni sababu ya kumwita fundi kwa kazi ya nati mbili. Ila nimechanganywa. Mmoja kaniambia nianze na waya mwekundu, mwingine mweusi. Jirani naye anasema niwashe gari, nitoe waya wa hasi likiwa linaunguruma, likizimika basi ubovu ni wa altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) wala si betri. Na je, nikiweka betri kubwa kuliko hii kuna ubaya?

Spana_Kumi

Dada Mwenda Pole, la jirani kwanza: usilifanye. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye altaneta. Ukiichomoa injini ikiwa inaunguruma, volti zinapaa ghafla, na kinachopigwa ni kompyuta ya gari, redio na dayodi za altaneta yenyewe. Mtindo huo ulianza enzi za magari yasiyo na kompyuta hata moja. Unaweza kuingia kwenye kipimo na altaneta nzima ukatoka nayo mbovu.

Tafuta mita ya umeme, hata ile ndogo ya bei rahisi. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri: volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, 12.0 kwenda chini imeisha. Ukikuta 10.5 hivi na haipandi hata ukiichaji, usihangaike nayo. Ndani kuna seli sita, kila moja inatoa volti 2 na kidogo, na hapo seli moja imeshakufa. Halafu mtu apige stata wewe ukiangalia mita. Betri nzima iliyochajiwa haishuki chini ya 9.6 hivi. Mwisho, gari likishawaka, pima tena pale pale kwenye betri. Magari mengi yanasoma kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji, na betri mpya utakayoweka itakufa vilevile.

Lakini kabla ya kununua chochote, fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Shika kibano cha waya kwa mkono, gari likiwa limezimwa, ujaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, huenda ugonjwa wote ni huo. Na ukiona unga mweupe au wa kijani-bluu umeota kama ukungu wa mkate, umeme wa kupigia stata haupiti vizuri hapo hata betri ikiwa imejaa. Taa za ndani zitawaka, kwa sababu zinakula umeme kidogo sana. Stata inataka ampea mia na zaidi, nayo itagoma. Watu wengi wamenunua betri mpya kwa sababu ya unga huo. Mwagia maji ya moto yenye magadi soda, utaona yanachemka povu, kisha sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kote kuwili: kichwa cha betri na ndani ya kibano. Yale maji yasiingie kwenye vifuniko vya betri, na usiuguse huo unga kwa mikono mitupu.

Sasa swali lako. Kutoa: hasi (mweusi) kwanza, chanya (mwekundu) baadaye. Kuweka: chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni spana yako. Bodi zima la gari limeunganishwa na hasi. Ukianza kufungua chanya wakati hasi bado ipo, na spana ikagusa bodi au chuma chochote pembeni, umepiga shoti betri nzima kupitia spana hiyo. Hakuna fyuzi hapo katikati. Spana inaweza kuwa ya moto mkali mkononi, na pete ya kidoleni pia, kwa hiyo ivue. Hasi ikishatoka, iviringishe kitambaa uisukume mbali isije ikarudi yenyewe. Nyaya zile ni ngumu na zina tabia ya kurudi zilikozoea. Baada ya hapo spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya, hakuna kinachotokea.

Sigara mbali. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuipasua na kukumwagia asidi usoni.

Nati si mbili, kwa taarifa yako. Kuna kile chuma kinachobana betri isicheze, nacho huwa kimeota kutu kuliko vyote. Wapo wanaokiacha baada ya kubadilisha kwa sababu kimewasumbua. Usikiache. Betri inayorukaruka kwenye mashimo inapasuka sahani za ndani na inakufa kabla ya wakati wake.

Ukubwa: soma namba iliyo kwenye betri ya zamani ututajie.

Tochi_Mkononi

Namuunga mkono mzee Spana, naongeza kidogo. Hakikisha una namba ya siri ya redio kabla ya kutoa waya, maana redio nyingine zikikosa umeme zinaidai. Vioo vya umeme vinaweza kusahau kupanda vyenyewe mpaka juu, na injini ikatetemeka kidogo ikiunguruma gari limesimama, mpaka kompyuta ijifunze upya. Hayo ya kawaida, usiogope.

Kama gari lako linajizima lenyewe kwenye taa za barabarani na kujiwasha, usiweke betri ya kawaida. Hayo yanataka AGM au EFB, aina za betri zinazovumilia kuwashwa mara kwa mara, na mengine lazima kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya. Na kwa wenye haibridi watakaosoma hapa: ya volti 12 mara nyingi iko nyuma kwenye buti, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Mwenda_Pole

Asanteni sana. Langu ni la kawaida, halijizimi. Nimesafisha vichwa, povu limetoka kweli, lakini tatizo liko pale pale. Nimeichaji usiku kucha, asubuhi inasoma 12.3. Mdogo wangu akipiga stata inaporomoka mpaka 7. Likishawaka baada ya kubustiwa inasoma 14.2.

Imeandikwa 55D23L. Muuzaji hana hiyo, ana 55D23R, anasema ni ile ile, tofauti ni herufi tu na nyaya zitafika.

Spana_Kumi

14.2, altaneta iko salama. Kushuka mpaka 7 baada ya kuchajiwa usiku kucha, betri hiyo imekwisha.

Hiyo R ikatae. 55 ni nguvu, D ni kipimo cha upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho ni upande ilipo chanya. Ukichukua ya R, chanya inakaa palipokuwa na hasi. Nyaya zimekatwa kwa urefu wa kufika upande mmoja tu, na ukizivuta kwa nguvu mpaka zifike, mwekundu utapita juu ya chuma ukisuguana nacho kila siku. Kuna wengine wanaigeuza betri nyuma mbele. Hapo chanya inaweza kukaa karibu kugusa boneti. Namba ya mbele ikipanda, tuseme 65D23L, hakuna ubaya wowote, inaingia mahali pale pale na ina nguvu zaidi. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwanzo ni kwamba kubwa ya nguvu ni sawa tu, kubwa ya mwili hapana.

Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa si mpya, hata kama ina nailoni yake. Mwambie aipime mbele yako, chini ya 12.4 mwachie mwenyewe.

Ukiinua, kunja magoti, ina uzito kama wa kilo 15 na mahali ilipo pamekaa vibaya. Ukimaliza kukaza, paka grisi juu ya vibano. Juu, baada ya kukaza, si kabla.

Tochi_Mkononi

Na ikitokea hiyo mpya nayo inalala ikiwa nzima inaamka imekufa, usimlaumu muuzaji haraka. Angalia taa ya buti kwanza, kisha upime umeme unaovuja gari likiwa limelala. Zaidi ya miliampea 50, kuna kitu kinaunyonya.

Mwenda_Pole

Nimepata 65D23L, mita inasoma 12.6. Nafunga jioni jua likipoa. Ile ya zamani naitupa wapi?

Spana_Kumi

Huitupi, ina risasi na asidi. Mrudishie muuzaji, wengi wanaipokea na kukupunguzia bei ya mpya. Wakati wa kuipeleka isimame wima, na utandike nailoni nene chini yake.