Jeli ya betri ya lithiamu kwa mwale wa elektroni: juu inaganda, chini majimaji

fundi_seli aliuliza:
Wakuu, nagandisha elektrolaiti (majimaji yanayopitisha ayoni) ndani ya seli ya kifuko yenyewe. Nina LiPF6 (chumvi ya lithiamu) mola 1 kwenye EC na EMC (viyeyusho vya kaboneti, 3:7), ETPTA (akrileti inayoungana kuwa wavu wa polima) asilimia 4 kwa uzito, bila AIBN (kianzishi cha joto). Unene wa seli mm 5, kitenganishi (utando kati ya elektrodi) cha PP, yaani polipropilini. Mwale MeV 1 (nishati ya kila elektroni), upande mmoja, dozi kGy 60 kwa mkupuo. Nikiipasua, tabaka za juu zimeshika, za chini bado maji. Kifuko nacho kinavimba. Niongeze dozi?

mwale_wa_pili:
Usiongeze hata kidogo. Kinachokosekana ni nishati ya elektroni, si dozi. Elektroni za MeV 1 hukomea kama mm 4 kwenye maji. Seli yenye foili ya shaba na oksidi za kathodi ni nzito kama mara mbili ya maji, basi zinaishia karibu mm 2. Ukiigeuza upige pande zote, katikati bado patakosa. Tafuta mashine ya MeV 10, zile zinazotumika kutakasa vifaa vya hospitali.

Kuvimba ni hesabu nyepesi. kGy 1 ni jouli 1 kwa gramu, na gramu ya seli hupanda karibu nyuzi 1 kwa jouli 1. Pale mwale unapofika umeipandisha nyuzi 60 hivi kwa mara moja, kutoka 25 hadi 85! LiPF6 ikipita nyuzi 60 huanza kutoa gesi ya PF5, nayo ikikutana na unyevu huzaa HF, asidi yenye sumu. Halafu mnururisho wenyewe huvunja kaboneti, zikatoa haidrojeni na kaboni dioksidi. Piga kGy 2 au 3 kwa pasi, acha ipoe, rudia.

jeli_na_chumvi:
Na hiyo PP iondoe. Mnururisho hukata minyororo yake, inakuwa kama karatasi kavu. PE (polietilini) hufungamana badala ya kukatika. Dozi itafute kwanza kwenye vifuko vyembamba vya PE visivyo na elektrodi: kGy 4, 8, 12, 20. Loweka jeli kwenye DMC (kiyeyusho) saa 24, kausha, pima. Polima iliyobaki ikiwa pungufu sana ya ETPTA uliyoweka, kuna akrileti huru, isiyoungana, itakayokusumbua kwenye grafiti ya anodi.

Ziba kwa vakyumu, maana oksijeni hula radikali, zile chembe tendaji zinazoanzisha kuganda. Na kabla ya mwale, iache seli saa 24 elektrolaiti izame kwenye vinyweleo. Ikishaganda haisogei tena; pakavu patabaki pakavu. Chaji ya kwanza ije baadaye.

fundi_seli:
Shukrani. Kwa hiyo ikishakuwa jeli haiwaki?

jeli_na_chumvi:
Inawaka. Asilimia 4 ni wavu tu, zilizobaki ni kaboneti zilezile. Faida yake ni kwamba kifuko kikitoboka haimwagiki.